Baba kapata kiharusi, kikao cha familia kikahukumu maziwa. Nimechimba kidogo, njooni

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu atatukuta.

Miezi mitano nyuma baba alianguka bafuni. Hata sio kuanguka, aliteleza taratibu na ukuta kama mtu anayekaa chini kupumzika, mimi nikasikia ndoo tu imepinduka. Nafungua mlango nakuta mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama sio wa kwake, na ananiita kwa jina la mdogo wangu. Kiharusi. Kipimo cha kichwa kikaonyesha ni kile cha mshipa kuziba, sio kile cha mshipa kupasuka damu ikavuja. Yupo, anatembea na fimbo, maneno yanarudi mojamoja, tunashukuru.

Karudi nyumbani, ndugu wakaanza kuja kumwona, na kila anayekuja anakuja na orodha ya vitu vya kukataza. Na kwenye orodha zote, cha kwanza maziwa. Shangazi ndo alikuwa mwendesha mashtaka mkuu, anasema we hujaona maziwa yakichemka yakapoa yanavyoweka ule ukoko juu, ukiushika unanyooka kama ngozi? Basi ndo hivyohivyo kwenye mishipa ya baba yako. Mfano unatisha bwana, ukishausikia huwezi kuutoa kichwani. Siku ileile maziwa yakapigwa marufuku, mtindi marufuku, jibini ndo usiseme, na baba ambaye kikombe cha maziwa ya moto usiku anakunywa tangu mimi sijazaliwa akawa anakaa mezani anaangalia tu.

Mimi kilichonikera sio maziwa. Ni kwamba kwenye kikao kile, watu tisa, hakuna hata mmoja aliyeuliza vidonge vya presha viko wapi. Mzee alikuwa kaacha kumeza miezi mingi sababu eti alijisikia mzima, na siku ile presha ilisoma 198 kwa 112. Hakuna aliyeuliza chumvi ambayo inakaa mezani muda wote na yeye anaongeza kabla hata hajaonja. Maziwa ndo yakabeba msalaba.

Nikakaa na simu usiku kama wiki mbili nasoma. Mimi sio daktari, nilitaka tu kujua kama tumemwonea mzee au tumemsaidia. Nilichokuta nakileta kwa vipande.

Tuanze na ukoko. Ule ukoko kwa sehemu kubwa ni protini iliyoshikana kwa moto ikakauka juu na ikanasa mafuta kidogo. Maziwa ukishayanywa hayaendi kwenye damu yakiwa maziwa, tumbo na utumbo unayavunja vipandevipande kwanza. Bonge linaloziba mshipa wa kichwa ni damu yenyewe imeganda, na mara nyingi linatokea pale ambapo ukuta wa mshipa umeharibika kwa miaka na miaka ya presha, sigara, sukari, kolesteroli mbaya, au limetoka kwenye moyo usiopiga sawasawa likapanda juu. Kwahiyo picha ya shangazi ni nzuri kwa kutisha watoto, kwenye mwili haiko hivyo.

Alafu tafiti. Kuna watu walifuatiliwa Hawaii, wanaume wenye asili ya Japani, walikuwa na miaka 55 mpaka 68 mwanzoni, wakafuatiliwa miaka 22, matokeo yakatoka 1996. Wasiokunywa maziwa kabisa walipata kiharusi cha kuziba kama 7.9 katika kila 100, wanaokunywa kama glasi mbili kwa siku wakapata 3.7. Nusu! Na kilichonivutia ni kwamba kalisiamu iliyotoka kwenye vyakula vingine haikuonyesha faida hiyo. Lakini hapohapo wenyewe waliofanya utafiti wakasema jamani wanywa maziwa hawa pia walikuwa wembamba zaidi, wanafanya mazoezi zaidi, wanakula vizuri zaidi. Kwahiyo usikimbilie kusema ni maziwa.

2016 wakakusanya tafiti 18 zikajumlishwa, watu zaidi ya laki saba na nusu, viharusi karibu elfu thelathini. Kila gramu 200 za maziwa kwa siku, yani glasi moja ndogo, ikaendana na hatari kushuka asilimia 7. Ila ukiigawa, nchi za Asia Mashariki ilishuka asilimia 18, nchi za Magharibi asilimia 2 tu ambayo ni kama hakuna.

2018 ikaja ile kubwa inaitwa PURE, ikatoka kwenye jarida la Lancet. Watu 136,384, nchi 21, mabara matano, matajiri na maskini wamo, wakafuatiliwa kama miaka 9. Waliokuwa wanatumia maziwa na mazao yake zaidi ya mara mbili kwa siku, ukilinganisha na wasiotumia kabisa, kiharusi kilikuwa chini kwa asilimia kama 34.

Nikajisemea mbona kesi imeisha. Haijaisha, ntaendelea chini, vidole vimechoka. Nyie semeni kwanza.

Mkeka Mpya

Siti ya mbele, nasubiri muendelezo. Pole ya mzee mkuu.

Kitasa

Pole kwa mzee. Ila mkuu nikuulize kitu kimoja, hizo tafiti nani kalipia? Maana mi nachojua wenye makampuni ya maziwa wana hela na wanajua wapi pa kuzipeleka. Kila siku maziwa afya, maziwa mifupa, maziwa nini, kesho watasema yanaotesha nywele. Mtu mzima kwenye wanyama wote ni sisi tu tunanyonya mama wa mwenzetu mpaka uzeeni

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Kitasa hoja yako ya hela ina uzito na siipingi, ni kweli baadhi ya tafiti za maziwa zimepokea hela kutoka kwa watu wa maziwa. Ndo maana mimi nilitafuta ile ambayo naona ina nguvu kuliko zote, inaitwa DASH, ilitoka 1997 Marekani, na hela ilitoka taasisi ya serikali yao inayoshughulika na moyo na mapafu.

Hii DASH haikuwa ya kumuuliza mtu "we unakunywaga maziwa mara ngapi" alafu unasubiri miaka ishirini uone atakayeanguka. Walichukua watu 459 wakawapikia wenyewe. Wiki nane. Kundi la kwanza chakula cha kawaida cha Wamarekani, la pili wakaongezewa matunda na mboga, la tatu matunda na mboga plus maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na mafuta kwa ujumla wakayapunguza. Chumvi waliacha iwe sawa kwa wote, uzito hawakuruhusiwa kupungua, ili pasiwe na kisingizio. Kundi la mboga na matunda presha, ile namba ya juu, ikashuka pointi 2.8 kuliko kundi la kwanza. Kundi la tatu ikashuka pointi 5.5. Na wale ambao tayari walikuwa na presha, kundi la tatu ilishuka pointi 11.4, hiyo ni kazi inayokaribia kidonge kimoja.

Siwezi kusema tofauti ya kundi la pili na la tatu yote ni maziwa, kuna vitu vingine pia vilibadilika kwenye sahani. Ila kama maziwa yangekuwa sumu ya mishipa, mlo ule usingekuwa na maziwa ndani alafu presha ikashuka vile.

Hilo la kunyonya mama wa mwenzetu limenichekesha, ila hata kupika hakuna mnyama mwingine anapika.

Kitasa

Hahaha sawa la kupika nimelipokea. Endelea

binti mkimya

Samahani mleta uzi, naomba kueleweshwa, mume wangu ana presha na mimi nimembadilishia kutoka maziwa ya kawaida kwenda yogati, ile ya vikombe yenye ladha ya matunda, nikijua ndo namsaidia. Anakula viwili asubuhi kimoja usiku. Niko sawa?

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Dada geuza kikombe usome nyuma pale penye sukari. Yogati isiyowekwa kitu ina sukari yake ya asili ya maziwa, kwenye kikombe cha gramu 150 ni kama gramu 7 hivi. Zile zenye ladha nyingi zinafika 15 mpaka 20, yani imeongezwa kama vijiko viwili vya chai au vitatu. Vikombe vitatu kwa siku ni kama vijiko nane vya sukari ambavyo wewe unavihesabu kama dawa. Sio kwamba yogati mbaya, yogati kwenye tafiti ndo inafanya vizuri. Kuna moja ya Ulaya ya 2020, inaitwa EPIC, watu 418,329 nchi tisa, walitenganisha kiharusi cha kuziba na cha kuvuja, kitu ambacho wengi hawafanyi. Kwenye cha kuziba, kila gramu 100 za yogati kwa siku iliendana na hatari kupungua asilimia 9, jibini gramu 30 asilimia 12, maziwa gramu 200 asilimia 5. Matunda na mboga pia chini. Nyama nyekundu juu. Kwenye cha kuvuja maziwa hayakuonyesha kitu, si kusaidia si kuumiza.

Mnunulie ile isiyo na ladha, mkatie tunda ndani. Wiki ya kwanza atanuna, ya pili anazoea.

binti mkimya

Nimegeuza kikombe. Gramu 17. Nimekaa chini kwanza.

Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi, wodi yetu wagonjwa wa kiharusi ni wengi, nimesoma uzi kimyakimya nikasema niongeze mambo mawili matatu maana mleta uzi umechimba vizuri ila kuna sehemu watu watajikwaa.

La kwanza jibini. Umesema asilimia 12 na mtu atatoka hapa anakata vipande kama keki. Jibini inatengenezwa na chumvi, na zile za kusindikwa zilizokatwa tayari ndo zina chumvi kupita, gramu 30 tu inaweza kukupa kama gramu nzima ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, sasa we vipande viwili kwenye mkate, na mkate wenyewe una chumvi, na mboga ina chumvi, unamaliza kabla ya jioni. Mgonjwa wa presha mimi nikimshauri namwambia maziwa na mtindi ndiyo, jibini kwa jicho la pembeni.

La pili, wenye figo zilizochoka. Maziwa yana potasiamu, glasi moja kama miligramu 350, na fosfora pia. Kwa mtu wa kawaida potasiamu ni rafiki wa presha, inasaidia mwili kutoa chumvi. Kwa mwenye figo mbovu inaweza kupanda kwenye damu ikasumbua moyo. Na presha na figo ni mtu na ndugu yake, wengi wanazo zote mbili hawajui. Hao wasikilize kliniki yao sio jukwaani.

La tatu ndo lililonifanya niandike. Tafadhali sana, mtu akianguka mkahisi ni kiharusi MSIMPE KITU MDOMONI. Sio maji, sio maziwa, sio kidonge, sio asali. Naona kila mwezi. Watu wana imani kwamba maziwa yanatuliza kila kitu, mtu kaanguka wanakimbilia kikombe. Kiharusi kinaweza kulegeza koo palepale alipolegea mkono, anaonekana anameza kumbe inaenda kwenye mapafu. Sisi hospitali hata kidonge hatumpi kwa mdomo mpaka tumempima kumeza, tunaanza na kijiko cha maji tunamwangalia kama atakohoa au sauti inabadilika inakuwa kama ina maji ndani. Na aspirini pia msimpe nyumbani, hamjui kama ni cha kuziba au cha kuvuja, kama kinavuja mmemuongezea. Mlaze, mgeuze ubavu kama anatapika au hajitambui, angalia saa imeanza saa ngapi, mkimbizeni. Dawa ya kuyeyusha bonge ina dirisha la saa nne na nusu tangu dalili zianze, ikipita hapo kwa wengi tunabaki kuangaliana.

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Nesi umenipiga sehemu ambayo sikuandika makusudi.

Siku ile, nilipokuwa nakimbia kutafuta usafiri, mama alimkalisha baba akamnywesha maziwa. Glasi nzima, ya baridi. Alikuwa anamshika kidevu, mengine yanamwagika upande ule wa mdomo uliolegea, na baba anakohoa na mama anamwambia meza baba, meza. Niliporudi fulana yake imelowa nikadhani ametapika. Hospitali siku ya tatu homa ikapanda, kifua kinakoroma, wakasema nimonia. Siku kumi na moja za ziada kitandani, na ile ndo ilimmaliza nguvu kuliko hata mkono.

Mama hajui. Namaanisha hajui kwamba inahusiana. Na daktari aliyetuhudumia hakusema moja kwa moja, aliuliza tu "kuna kitu alipewa kabla hamjaja?" mama akajibu maziwa kidogo, daktari akaandika, basi. Mimi nimekuja kuunganisha baadaye nikisoma.

Sasa imagine niko kwenye kikao, watu tisa wanakataza maziwa kwa sababu isiyo yake, na mimi najua siku moja ambayo maziwa yalimdhuru kweli na siwezi kuisema mbele ya mama.

Zamu ya Usiku

Pole sana ndugu yangu. Usimwambie mama kwa namna ya lawama. Hata bila maziwa wengi wanapata nimonia, mate yenyewe yanatosha kuingia vibaya. Mwambie siku nyingine kama somo la jumla tu, kwamba hospitali wanasema asipewe mtu chochote.

Mkeka Mpya

Nilikuja kusoma habari za maziwa nimejikuta nafuta macho. Mama anajua mkuu. Kina mama wanajuaga.

Jani Tupu

Mimi sili nyama wala maziwa mwaka wa saba huu na nipo fiti. Mbona hamsemi kwamba wasiokula vitu vya wanyama ndo mishipa yao misafi? Tafiti zipo nyingi tu

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Zipo mkuu na kwa ugonjwa wa moyo ziko upande wako. Ila kwa kiharusi kuna moja itakukera, Uingereza, ilitoka kwenye jarida la madaktari la BMJ mwaka 2019, watu kama elfu 48 wamefuatiliwa miaka 18. Wasiokula nyama wala samaki, wakiwemo wasiotumia maziwa, ugonjwa wa moyo ulikuwa chini kwa asilimia 22 kuliko wanaokula nyama, hapo mpo juu. Lakini kiharusi kikawa juu kwa asilimia 20, na zaidi ni kile cha kuvuja. Kwa hesabu ya kawaida ni kama viharusi vitatu vya ziada kwa watu elfu moja kwenye miaka kumi, sio mafuriko. Waliofanya utafiti wakahisi huenda kolesteroli ikishuka sana, au vitamini B12 ikikosekana, inachangia. B12 kwenye mimea haipo ya kutegemea, kwahiyo kama hutumii maziwa wala yai hakikisha unaipata kwa kidonge au chakula kilichoongezewa. Sikutishi, miaka saba nenda kapime tu.

Jani Tupu

B12 namezaga. Ya kuvuja sikuwa naijua hiyo, ngoja nisome

Mla Malai

Wakuu nauliza swali la kijinga. Maziwa yenye mafuta yake au yaliyotolewa mafuta? Maana mi yale mepesi naona kama maji yaliyooshea chupa

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Swali lako ndo wataalamu wenyewe wanagombania. Glasi moja ya maziwa kamili ina mafuta kama gramu 8, na zaidi ya nusu ni yale mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya. Kwa hesabu ya kwenye karatasi ungetegemea yawe mabaya. Ila tafiti za kufuatilia watu hazionyeshi yakipandisha kiharusi kama ilivyotegemewa. Kuna moja ya Sweden, watu karibu elfu 75, iliona yaliyopunguzwa mafuta yanaendana na kiharusi kidogo, kwa asilimia 12, yenye mafuta kamili hayakuonyesha faida wala hasara.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba mafuta ya maziwa sio kitu kimoja. Kwenye maziwa mafuta yanaelea kama vitone vidogo sana, kila kitone kimefungwa na utando wake mwembamba. Ukisukasuka kupata siagi unaupasua ule utando, unabaki na mafuta matupu. Sasa hapohapo Sweden wakachukua watu 57 wanene kidogo, nusu wakapewa mafuta ya maziwa gramu 40 kwa siku kupitia krimu, utando upo, nusu wakapewa gramu zilezile kupitia mafuta ya siagi ambayo utando haupo. Wiki nane. Wa siagi kolesteroli mbaya ikapanda, wa krimu haikupanda. Mafuta yaleyale jamani! Tangu nisome hiyo nimeacha kuitia siagi na maziwa kwenye kapu moja.

Nyumbani tumeamua mzee anywe yaliyopunguzwa mafuta, sababu kolesteroli yake ilikutwa juu na ana kidonge chake. Ungekuwa mzima huna tatizo la kolesteroli, glasi yako ya mafuta kamili mimi sina ugomvi nayo. Siagi ya kupaka kama rangi ya ukuta ndo punguza.

Mla Malai

Rangi ya ukuta imenigusa binafsi

tumbo joto

Na sisi ambao tukinywa glasi moja tumbo linapiga ngoma? Ina maana tutakufa na kiharusi?

Zamu ya Usiku

Hapana. Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani miili yao inapunguza kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa baada ya utoto, ni kawaida sio ugonjwa. Jaribu mtindi, wale bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari, au jibini ngumu ambayo karibu haina. Ikigoma acha kabisa, potasiamu ipo kwenye maharage, mboga za majani, ndizi. Hakuna mtu anaandikiwa maziwa kama dawa ya kiharusi.

Kitasa

Haya mleta uzi, umesema haijaisha. Upande wa pili uko wapi? Maana mpaka sasa naona wakili wa ng'ombe tu

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Wakili wa ng'ombe 😂 haya.

Upande wa pili ni huu. Karibu zote nilizotaja, ukitoa DASH na ile ya siagi na krimu, ni za kuuliza watu wanakula nini alafu kusubiri. Shida yake ni ileile ya Hawaii, anayekunywa maziwa na asiyekunywa wanatofautiana vitu mia. Sehemu nyingi duniani anayeweza kununua maziwa kila siku ana hela kidogo, na mwenye hela ana hospitali karibu, ana mashine ya presha, hata chumvi anaelimishwa. PURE walijaribu kurekebisha hayo kwenye hesabu lakini huwezi kurekebisha yote. Hata ile tofauti ya Asia Mashariki na Magharibi, kule maziwa yananywewa kidogo, kwahiyo kikombe kimoja kinaweza kuwa alama ya maisha mengine kabisa.

Wakaja na ujanja mwingine. Kile kimeng'enya alichotaja nesi kinategemea herufi moja kwenye kijeni, yani yale maandishi ya urithi mwilini, unazaliwa nayo hujachagua, haijali una hela au huna. Wenye herufi ile kwa wastani wanakunywa maziwa zaidi maisha yao yote. Sasa kama maziwa yenyewe yanashusha presha, basi waliozaliwa nayo presha zao zingekuwa chini. 2017 wakaangalia, watu karibu laki mbili, matokeo kwenye BMJ. Ukiangalia kwa kuuliza watu, wanywa maziwa presha ilikuwa chini kidogo. Ukiangalia kwa kijeni, faida ikayeyuka.

Kwahiyo mimi nilipofika: maziwa hayakumwangusha baba. Na hayatamlinda pia kwa kiasi cha kuachia vidonge. Kuna utafiti unaitwa INTERSTROKE, nchi 32, ule wa 2016, ulikuta mambo kumi yanabeba kama asilimia 90 ya hatari ya kiharusi duniani. Presha peke yake karibu nusu. Mengine ni kukaa bila mazoezi, kolesteroli, mlo mbovu kwa ujumla, kitambi, msongo, sigara, pombe, kisukari, ugonjwa wa moyo. Maziwa hayana hata namba yake kwenye orodha, yamo ndani ya mlo huko pamoja na mengine. Sisi tulishika kitu ambacho hakipo kwenye orodha tukaacha namba moja imekaa kabatini na tarehe yake imepita.

Kitasa

Hapo sasa tumeelewana. Wakili umefuzu.

binti mkimya

Swali la mwisho, dawa za presha zinaruhusiwa kumezwa na maziwa?

Zamu ya Usiku

Nyingi za presha hazina shida, amlodipine kwa mfano. Zenye ugomvi na maziwa ni baadhi ya antibayotiki kama doksisaiklini na sipro, na ile ya tezi ya shingo, kalisiamu inazishika haziingii mwilini vizuri. Hizo weka masaa kadhaa mbali na maziwa. Na bado, soma karatasi yake, muulize mfamasia.

Mkeka Mpya

Mzee anaendeleaje sasa? Karudishiwa kikombe?

Kikombe cha Usiku (mleta uzi)

Karudishiwa wiki iliyopita. Nusu kikombe, vuguvugu, tunaongeza ule unga wa kufanya kinywaji kiwe kizito maana vimiminika vyepesi bado vinamsumbua, anakaa wima, anainamisha kidevu kama alivyofundishwa, kijiko kimoja, anameza, anatoa sauti "aaa" tusikie kama iko safi, ndo kinafuata kingine. Inachukua nusu saa. Vidonge anameza hapohapo, mama ndo anamhesabia, na chumvi imehamia kwenye kabati ambalo yeye hafiki. Jana presha 136 kwa 82.

Shangazi kaja jumapili nikamweleza yote haya, Hawaii, Sweden, kijeni, utando, kila kitu, nimetumia kama saa zima. Kanisikiliza mpaka mwisho, kimyaa. Alafu akanyanyuka akaenda jikoni, akarudi na sufuria nililochemshia maziwa ya baba, ukoko umekaukia pembeni, akaniwekea mapajani akasema oshea hiyo kwanza, ikitoka ndo uje unieleze.